Bakteria wa Yogati: Wageni ama Wapangaji?

Soma pakiti ya yogati pale supermaketi, utaambiwa ndani kuna bakteria wazuri wa tumbo. Sawa. Lakini kuna swali hatuulizangi: wakishaingia, wanakaa ama wanapita tu? Hilo swali lina zaidi ya miaka 100.

Mapema karne ya 20, Élie Metchnikoff wa Pasteur Institute, Paris, alidai kwamba sumu za bakteria wa utumbo mpana zinatuzeesha. Dawa yake? Maziwa yaliyochachushwa, kama ya wakulima wa Bulgaria walioaminika kuishi miaka mingi. Jamaa alikuwa na Nobeli ya 1908, japo ilikuwa ya utafiti wa kinga ya mwili, si wa maziwa. Watu wakaamini, maziwa yakauzika.

Wa kukagua wakaja baadaye. Mwaka wa 1921 Leo Rettger na Harry Cheplin wa chuo kikuu cha Yale, Marekani, walichapisha majibu: yule bakteria wa Bulgaria hakai kwa utumbo wa binadamu. Tunasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu hata jembe hangojei.

Shida ni kwamba kwa miaka mingi watafiti walipima choo tu. Hiyo ni kama kuhesabu watu wanaoshuka matatu, kisha useme unajua nani amebaki kwa siti.

Mwaka wa 2018, timu ya Eran Elinav na Eran Segal wa Weizmann Institute, Israel, iliingiza kamera hadi ndani na kuchukua sampuli kwa ukuta wa utumbo. Kumbe kuna watu ambao bakteria wa vidonge walikaa, na wengine tumbo liliwafukuza. Kupima choo pekee hakungeonyesha hiyo tofauti.

Halafu hapa ndipo kuna noma. Katika utafiti wa pili, waliomeza hao bakteria baada ya antibayotiki walichelewa kurudisha bakteria wao wa asili, kuliko walioachwa bila kupewa kitu. Watu walikuwa 21 tu, kwa hivyo si hukumu ya mwisho. Lakini inatosha kukufanya ufikirie.

Kunywa mala yako, ni chakula kizuri. Lakini msee akikuuzia vidonge vya bei akisema bakteria wake watahamia kwako milele, muulize: walipima wapi, kwa choo ama kwa ukuta?