Makutano ya Maungu ni hatari kwa waendesha baiskeli

MAUNGU, mji mdogo wa Kaunti ya Taita Taveta ulio kwenye barabara kuu ya Mombasa-Nairobi, ndipo inapoanzia njia ya Kasigau. Mwendesha baiskeli atokaye upande wa Voi hulazimika kukata kulia, magari yakimjia mbele na nyuma.

Sheria huruhusu malori mwendo wa kilomita 80 kwa saa, na 50 tu mijini. Tofauti hiyo si ndogo. Kwa mwendo wa 80, lori hupita mita 22 kila sekunde. Baiskeli iliyosheheni mitungi ya maji ikichukua sekunde nane kuvuka, lori lililokuwa umbali wa mita 170 litaikuta ingali kwenye lami. Kwa mwendo wa 50, lingekuwa limebakisha takriban mita 60.

Malori yaliyoegeshwa kando huzidisha hatari, kwani huyaficha yanayokuja. Lililo salama ni kushuka kushoto, nje ya lami, kuikokota baiskeli hadi mahali palipo wazi, kisha kuvuka kwa miguu. Usiku, taa nyeupe mbele na nyekundu nyuma ni za lazima.