Bahati nasibu iliyofunzwa kutazama ramani

Leo tuchimbue historia kidogo.

Mwaka jana nilipewa orodha ya visima vya kaunti moja, kila kimoja na latitudo na longitudo yake, niandike programu ya kuchagua vitakavyopimwa maji. Mistari mitatu ya Python, random.sample, kazi kwisha, nikaenda kunywa chai. Nilipochora ramani nikashtuka. Upande mzima wa kaskazini, wenye visima tele, haukupata hata kimoja!

Programu haikuwa na kosa. Chukua eneo lenye robo nne, kila robo na visima vingi na kwa idadi sawa. Chagua 8 kwa bahati nasibu. Uwezekano wa angalau robo moja kutoka mikono mitupu ni kama asilimia 38. Wakazi wa robo hiyo wataingia kwenye ripoti kama watu wasiokuwepo.

Tulifikaje hapa? Zamani watafiti wengi waliteua sampuli kwa macho, wakichukua sehemu walizoona zinafanana na nchi nzima. Mwaka wa 1934, Jerzy Neyman alionyesha jijini London kwamba bahati nasibu ni njia ya kutegemewa zaidi, na tangu hapo ikashika hatamu. Tatizo ni kwamba haijui ramani. Utasema, basi tuchore miraba sawa tuchague kwa mpangilio. Shambani sawa, lakini maziwa na mito haikai kwa mstari. Huwezi kujua mapema utapata sampuli ngapi, na bajeti ni ile ile.

Kichwa hiki kiliwauma watu wa EPA, shirika la mazingira la Marekani, waliotaka kujua hali ya maji ya nchi nzima. Mwaka wa 2004, Don Stevens na Anthony Olsen walichapisha jibu lao, GRTS. Mizizi yake ni ya kale. Mwaka wa 1890 Mwitaliano Giuseppe Peano alibuni mstari mmoja unaopita kila mahali ndani ya mraba. Kioja cha hisabati tu, ungedhani. Lakini mwaka wa 1966 G. M. Morton, wa IBM huko Canada, alitumia wazo la ukoo huo kupanga ramani ndani ya faili: alisuka biti za x na y kama mkeka, zikawa namba moja. Mahali palipo karibu mara nyingi hupata namba zilizo karibu.

GRTS hufanya hivi. Kata ramani robo nne, kila robo ikate nne tena, hadi visanduku viwe vidogo. Katika kila ngazi, changanya mpangilio wa robo. Tunga visima vyote kwenye mstari mmoja kama shanga. Kisha tembea juu yake kwa hatua sawa, ukianzia popote kwa bahati nasibu. Mstari umezunguka ramani yote, kwa hiyo sampuli nayo imezunguka, na bado kila kisima kina nafasi inayojulikana ya kuchaguliwa.

Utamu uko mwishoni. Visima vilivyochaguliwa hupewa anwani kwa kufuata mstari, kwa tarakimu za 0 hadi 3, tuseme 203. Isome kinyumenyume, 302, kisha panga orodha upya. Sasa majina yanayofuatana hutoka robo tofauti za ramani. Ikate orodha popote, waliotangulia wametawanyika vizuri.

Kwa nini tujali? Kwa sababu uwanjani barabara husombwa na mvua, mwenye shamba hufunga geti, kisima hukauka. Ukichukua tu kilicho karibu na lami, umeharibu kila kitu. Hapa unachukua kinachofuata kwenye orodha. Kwa njia hii Wamarekani walipima maziwa zaidi ya 1,000 mwaka wa 2007.

Hata mimi niliandika upya, kama mistari arobaini. Kaskazini ikapata visima vyake. Kisima kimoja hakikufikika, tukachukua kilichofuata, kazi ikaendelea. Anayepanga orodha ya kupimwa ndiye anayeamua nani atahesabiwa. Kwa hiyo kabla ya kuandika random.sample, chora ramani kwanza.

Haya, jaribuni nyumbani.