Moshi wa Jiko: Kutoka Tembe la Ikungi Hadi Seredani la Unguja



Mwanamme akioa tunasema kapata jiko. Neno hilo tunalicheka ukumbini, tunapiga vigelegele, halafu bibi harusi anakwenda kukabidhiwa jiko kweli, la moto na moshi wake. Leo tunataka kulieleza hilo jiko lilikotoka na lilichowafanyia waliotutangulia. Na badala ya kuanzia hapa kwetu visiwani, tunavuka bahari, tunapita Dodoma na Manyoni, tunakwenda mpaka Ikungi.

Ikungi ni wilaya changa ya mkoa wa Singida. Ilikatwa kutoka Singida Vijijini mwaka 2012, lakini watu wake ni wa zamani sana. Wengi ni Wanyaturu, wafugaji na wakulima wa mtama na uwele, na siku hizi alizeti inayotupa mafuta ya kupikia. Nyumba yao ya asili ni tembe: kuta fupi za miti na udongo, paa la bapa lililofunikwa udongo vilevile, mlango mdogo, madirisha hakuna au ni matundu tu. Usiione nyumba hiyo ukaidharau. Singida ni nchi ya juu, na upepo wa Juni na Julai huko unakata mifupa. Udongo ule mzito huzuia baridi usiku na jua mchana. Moshi nao ulikuwa na kazi yake, kwani ulikausha boriti na kuwafukuza wadudu wanaokula miti na nafaka.

Aliyelipa gharama ya uhodari huo ni mpishi. Mafiga yalikuwa ndani, moshi hauna pa kutokea, na mwanamke alikaa hapo asubuhi na jioni na mtoto kambebeleza mgongoni.

Kuni kavu ikiungua sawasawa, na hewa ya kutosha, hubaki joto, mvuke wa maji, hewa ya ukaa na jivu kidogo. Lakini moto wa mafiga matatu haupati hewa sawasawa. Kuni inaungua nusu nusu, na ile nusu isiyoungua ndiyo moshi. Ndani yake mna chembe ndogo mno, nyembamba kuliko unywele wa kichwa mara nyingi, zinazopita puani bila kuzuiwa mpaka kwenye vifuko vya chini kabisa vya mapafu. Hapo ndipo panapoanza kikohozi kisichoisha, nimonia kwa watoto wachanga, na mtoto wa jicho kwa mabibi zetu ambao tulidhani ni uzee tu. Na baada ya mateso yote hayo, katika kila sehemu 10 za joto la moto ule, kiasi cha sehemu moja tu au moja na nusu ndiyo inayoingia chunguni. Nyingine inakwenda na upepo.

Shirika la Afya Duniani limekadiria kuwa mwaka 2020 moshi wa majumbani ulisababisha vifo vya watu milioni 3.2 duniani, na zaidi ya 237,000 kati yao ni watoto wasiofika miaka mitano.

Sisi wa visiwani tulijiona tumeepuka. Jiko letu ni seredani, na mkaa hauna moshi wa kuliza macho. Kweli, mkaa ni kuni iliyokwisha kuchomwa mara moja huko msituni, moshi wake ukabaki huko huko. Kwa tanuri la kienyeji kilo 100 za kuni hutoa kilo 10 hadi 20 tu za mkaa, kwa hiyo gunia linaloteremka bandarini kutoka bara limebeba nyuma yake miti mingi ambayo hatuioni. Lakini kutoona moshi si kukosa sumu. Kaa la moto hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu. Ikiingia kwenye damu hung'ang'ania chembe nyekundu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ikaifungia njia. Mtu anaanza na kichwa kuuma na usingizi mzito. Ndiyo maana tunasema wazi, wale wanaoingiza seredani chumbani kwa mzazi aliye ndani ya arubaini, wakafunga milango ili mtoto apate joto, wanacheza na hatari. Na chetezo chetu cha udi nacho kinakaa juu ya kaa. Bibi harusi afukizwe, nguo zifukizwe, hatusemi tuache raha yetu. Dirisha liwe wazi, na kaa likimaliza kazi litolewe nje.

Mafuta ya taa yalikuja na kandili, karabai, kibatari na stovu. Yalituokolea muda, lakini kibatari hutoa masizi mengi kwa mwanga mdogo, na watoto wangapi wameyanywa wakidhani ni maji kwa sababu yaliwekwa kwenye chupa ya soda!

Umeme ndio fahari yetu ya kale. Beit al-Ajaib, aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, inatajwa kuwa nyumba ya kwanza ya umeme katika Afrika Mashariki. Fahari hiyo ilikuwa ya taa lakini, si ya jiko; jikoni kuni ziliendelea. Mwaka 1980 Unguja iliunganishwa na gridi ya bara kwa waya uliopita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba. Tukauzoea, mpaka Mei 2008 ulipokatika tukakaa gizani kiasi cha mwezi mzima.

Mwezi ule una historia yake ya afya. Mchumi Alfredo Burlando alichambua kumbukumbu za uzazi za Zanzibar akakuta mambo mawili. La kwanza, miezi minane hadi kumi baadaye watoto walizaliwa wengi kuliko kawaida (chekeni, mmeruhusiwa). La pili halichekeshi: watoto ambao mama zao walipatwa na giza lile mwanzoni mwa mimba walizaliwa na uzito mdogo zaidi. Waya ulikatika baharini, ukaonekana kwenye mizani ya wodi ya wazazi. Giza jingine la Desemba 2009 lilidumu miezi mitatu, na waya mpya wenye nguvu zaidi ulikuja mwaka 2013.

Ikungi wao hawakuwa na waya wa kukatika kwa muda mrefu. Sheria ya Nishati Vijijini ilipitishwa mwaka 2005, Wakala wa Nishati Vijijini, REA, akaanza kazi 2007, nguzo zikasogea kijiji kwa kijiji. Leo serikali inahesabu vijiji vyote 12,318 vya Tanzania Bara kuwa vimefikiwa na umeme. Ajabu ni kuwa ule upepo wa Singida unaotesa watu wa tembe umepimwa pale Kititimo ukakutwa na wastani wa mita 9.9 kwa sekunde, miongoni mwa pepo bora nchini za kuzalisha umeme. Mipango ya kuuvuna imeandikwa tangu miaka ya 2000. Makabrasha yamejaa upepo.

Lakini umeme kufika kijijini si kufika jikoni. Taa inawaka juu, mafiga yako chini yake. Mama wa kijijini halipi kuni kwa fedha, analipa kwa miguu na mgongo, na gharama hiyo haiandikwi popote. Gesi ya mtungi inataka fedha ya mkupuo. Mkaa unauzwa kwa kopo, kwa kadiri ya shilingi ulizoamka nazo. Ndiyo sababu mitungi mingi ya kupewa bure, ikishaisha mara ya kwanza, hukaa pembeni ikafanywa kigoda.

Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan, mwanamke wa visiwani kama sisi, alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia. Siku chache baadaye alikuwa Paris kwenye mkutano wa dunia wa jambo hilo hilo. Lengo ni asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Msichana wa Ikungi aliyezaliwa mwaka wilaya yake ilipoundwa atakuwa na miaka 22 wakati huo. Ni umri ambao wengi wenu mnaotusoma hapa ndio mnaolewa.