Jina refu la lokole

Kabla ya simu kufika Kisangani, Walokele wa kandokando ya Mto Kongo walikuwa tayari na mtandao wao. Chombo chake ni lokole: gogo lililochimbwa kupitia mwanya mwembamba, likabaki na midomo miwili, mmoja wa sauti ya juu na mwingine wa sauti ya chini. Kwa sauti hizo mbili kijiji kiliita kijiji, nacho kikaupokea ujumbe na kuupeleka mbele.

Maelezo mengi tunayo kutoka kwa John Carrington, mmisionari Mwingereza aliyefika Kongo mwaka 1938, akakaa Yakusu, akajifunza kupiga lokole, na mwaka 1949 akachapisha kitabu *Talking Drums of Africa*.

Ugumu ulikuwa hapa. Kilokele ni lugha ya toni. Ukisema *alambaka boili* kwa toni fulani, mtu ametazama ukingo wa mto. Ukibadili toni, amempika mama mkwe wake. Lokole hubeba toni tu, irabu na konsonanti hupotea njiani, na maneno mengi hubaki na mlio mmoja. Mwezi na kuku, kwa mfano, hulia sawasawa. Kwa hiyo mwezi huongezewa maneno: ndio ule unaoitazama ardhi kutoka juu. Kuku naye ni yule mdogo anayelia kiokio. Carrington alikadiria kwamba neno moja la kawaida lilihitaji kama maneno manane ya lokole. Wala urefu huo haukuwa urembo. Bila huo ujumbe usingeeleweka.

Na watu je? Jina la mtu kwenye lokole lilikuwa na sehemu tatu: jina lake mwenyewe, la baba yake, kisha la kijiji cha mama yake. Hebu litazame vizuri. Wenye jina moja wanatenganishwa na baba. Ndugu wa baba mmoja wanatenganishwa na kwao mama. Msikilizaji akiwa mbali, gizani, bila kumwona mtu, anajua anayeitwa ni nani.

Kwenye kompyuta, hekima hiyo ilichelewa. Mashine za mtandao wa ARPANET nchini Marekani ziliandikwa zote katika faili moja, kila moja na jina lake fupi, hadi faili likazidiwa. Mwaka 1983 mtaalamu wa kompyuta Paul Mockapetris akabuni mfumo wa majina ya ngazi: mashine, taasisi yake, kisha nchi au kundi. Kwetu Kongo ngazi ya juu ilikuwa .zr; Zaire ilipokwisha mwaka 1997 ikaja .cd.

Mkoa wetu wa Tshopo unajua majina yanavyokufa. Reli iliyokamilika mwaka 1906 ilitoka Stanleyville kwenda Ponthierville. Leo ni Kisangani na Ubundu, na kilomita ni zile zile 125.

Basi ninyi mafundi mnaotunza mitandao ya ofisi, shule na hospitali zetu, msiipe ruta jina la mkurugenzi, maana atahamishwa. Iiteni kwa kazi yake, jengo, chumba na namba yake. Bandikeni jina hilo kwenye kifaa, liandikeni hivyo hivyo kwenye daftari, na siku kifaa kinapohamishwa lisahihisheni siku hiyo hiyo. Atakayeitwa usiku kurekebisha hitilafu huenda hajawahi kuingia chumba hicho.