Mti wa Thika na Muda wa Kutawala

Mugumo wa Thika, ule uliosimama mahali panapoitwa leo Mugumo Gardens, una historia ndefu kuliko mji wenyewe. Mugo wa Kibiru, mwaguzi wa Wakikuyu wa karne ya 19, alionya kwamba watakuja wageni wenye ngozi kama ya chura mdogo, na nyuma yao nyoka wa chuma. Wazee wa Thika huongeza kwamba aliutaja na mti: siku utakapoanguka, utawala wa wageni nao utakwisha. Reli ya kutoka Mombasa ilifika Ziwa Victoria mwaka 1901, na tawi lake likapita Ruiru hadi Thika mwaka 1913, katikati ya ardhi iliyokwisha kugeuzwa mashamba ya kahawa na katani ya walowezi. Inasimuliwa kwamba Waingereza walipousikia utabiri waliufunga mti kwa chuma usianguke. Ikaja radi ikaupasua mwaka 1963. Tarehe 12 Desemba mwaka huohuo Kenya ikawa huru.

Simulizi hili nalichukua kwa uzito wote, kwa kuwa linaonyesha watu wa kandokando ya mto Chania na wa Ruiru waliamini nani mwenye mamlaka ya kukomesha utawala. Si gavana wala jeshi. Ni Ngai, Mungu wa Wakikuyu, na dalili yake ni mti ambao chini yake wazee walichinja kondoo wa rangi moja wakiuelekea Mlima Kenya.

Wamisri wa kale walilijibu swali hilohilo kwa namna yao. Farao alikuwa Horus aliye hai na mwana wa Ra. Makuhani wa kila hekalu walihudumu kwa niaba yake. Akitimiza takriban miaka 30 katika kiti, ilifanyika sikukuu ya Sed: mfalme alikimbia mbele ya miungu kuonyesha kwamba nguvu zimemrudia, kisha akaendelea kutawala. Ramesses wa Pili, aliyetawala miaka 66, aliifanya zaidi ya mara kumi. Ibada ilikuwepo, kafara ilikuwepo, hesabu ya miaka ilikuwepo, na mwishoni mtu akabaki ni yuleyule.

Wakikuyu nao walihesabu miaka ipatayo 30, lakini wao walihesabu kuondoka. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake Facing Mount Kenya cha 1938, anasimulia kwamba zamani palikuwa na mfalme. Akawa dhalimu, na rika la Iregi likampindua. Tangu hapo ikakatwa shauri kwamba nchi itashikwa kwa zamu na vizazi viwili, Mwangi na Maina; hiki cha pili pia huitwa Irungu. Makabidhiano yaliitwa ituika. Kizazi kilichoingia kilitoa mbuzi, wazee wakafanya kafara na ngoma zikachezwa, na shughuli yenyewe ilichukua miaka, kwa sababu kupokea nchi kulikuwa kupokea pia haki ya kuiombea. Waliotoka hawakudhalilishwa. Walibaki wazee wa kuheshimiwa, ila amri haikuwa yao tena.

Utaratibu huu ukavunjwa. Sheria ya 1902 iliwapa Waingereza uwezo wa kuteua viongozi wa vijiji, na mtu kama Kinyanjui wa Gathirimu, aliyefahamika kwao tangu enzi za ngome ya Fort Smith, akafanywa chifu mkuu. Kinyanjui alikaa katika cheo hicho hadi alipofariki mwaka 1929. Hakuwekwa na rika wala hakuwa na zamu ya kutoka. Kenyatta anaandika kwamba ituika iliyotazamiwa kati ya 1925 na 1928 ilizuiwa na serikali kwa kudaiwa kuwa ni uchochezi. Maina wakanyimwa zamu yao. Kwangu mimi hilo ni pigo lisilopungua unyang'anyi wa ardhi, maana ardhi ilipigiwa kelele na vyama na tume zikaundwa, lakini zamu ilikufa kimyakimya.

Jeraha hilo lilionekana mwaka 1969. Tom Mboya, waziri Mluo, aliuawa kwa risasi Nairobi tarehe 5 Julai, na miezi iliyofuata Wakikuyu kwa maelfu walisombwa kwa malori na mabasi hadi Gatundu, si mbali na Thika, nyumbani kwa Kenyatta ambaye sasa alikuwa Rais. Watu walisema wanakwenda kunywa chai. Huko waliapishwa kwamba bendera ya Kenya haitatoka katika nyumba ya Mumbi, mama wa Wakikuyu wote. Viongozi wa makanisa walipinga, na Wakristo waliokataa kiapo walipigwa. Aliyeandika habari za rika la Iregi ndiye ambaye nyumbani kwake watu walifungwa kwa ibada ili utawala usihame. Hiyo ilikuwa sikukuu ya Sed, haikuwa ituika.

Miaka ya 1970 kauli ilizidi kubanwa: uongozi hautavuka mto Chania. Mto huu unaopita Thika ukafanywa mpaka wa kuwatenga hata Wakikuyu wa Murang'a na Nyeri. Kenyatta alifariki tarehe 22 Agosti 1978, na Daniel arap Moi wa Baringo akaapishwa siku hiyohiyo. Moi alikaa miaka 24. Mwai Kibaki wa Othaya, ng'ambo ya Chania, aliapishwa tarehe 30 Desemba 2002. Tarehe 9 Aprili 2013 alikabidhi nchi kwa Uhuru Kenyatta, aliyekuwa mbunge wa Gatundu Kusini, kwa sababu vipindi vyake viwili vya miaka mitano vilikuwa vimekwisha. Ukomo huo uliingizwa katika sheria za Kenya miaka ya 1990 na kuthibitishwa na Katiba ya 2010. Ndiyo ituika tuliyobaki nayo, na anayeshawishi uondolewe anaturudisha kwa mfalme aliyepinduliwa na Iregi.