Chumvi iliyojificha mtutuni

Julai 11, 1915, katika delta ya Rufiji, Kapteni Max Looff aliwaamuru mabaharia wake waiache manowari ya Kijerumani Königsberg. Meli mbili za Waingereza, Severn na Mersey, zilikuwa zimeipiga mpaka ikawaka moto. Kabla ya kushuka, mabaharia walitupa mtoni vifungio vya nyuma vya mizinga ili adui asipate cha kufyatulia, kisha wakailipua meli yao wenyewe. Ikakalia tope.

Lakini Wajerumani hawakuisahau. Walirudi wakaopoa mizinga yote 10 ya milimita 105 pamoja na vifungio vyake, wakaifikisha Dar es Salaam, mafundi wakaisafisha na kuitengeneza, nayo ikapigana tena katika vita vya Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki. Maji ya delta ile huchanganyika na ya bahari kila yanapojaa, na chuma kilicholowa chumvi kisha kikatolewa juani hakisubiri: hewa na chumvi vikikutana juu yake, kutu huanza siku hiyohiyo. Mizinga ya Rufiji ilipona kwa kuwa ilishughulikiwa upesi.

Mmojawapo ulifika Kigoma ukafungwa kwenye meli Graf von Goetzen ya Ziwa Tanganyika. Baadaye uliondolewa kwenda kutumika kwingine, lakini meli yenyewe ndiyo yenye somo. Julai 1916, Wabelgiji walipokaribia, amri ilitoka izamishwe. Mafundi waliotoka nayo Ujerumani walipaka mitambo yake grisi nzito kwanza, ndipo wakaizamisha taratibu. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, mitambo ile ilikuwa bado inafaa kazi. Mei 1927 ikarudi ziwani kwa jina la Liemba. Grisi inasifiwa kwa hilo, na kwa haki, ila mimi ningeligawia Ziwa Tanganyika nusu ya sifa: maji yake ni maji baridi, si ya chumvi. Grisi ileile juu ya mitambo iliyozama miaka minane baharini ingekuwa na hadithi nyingine.

Maana adui wa kwanza wa silaha iliyowekwa muda mrefu ni chumvi, na chumvi haitoki baharini tu. Askari wengi wa Lettow-Vorbeck walianza vita na bunduki za mtindo wa 1871, zilizotumia baruti nyeusi, kama magobori. Baruti hiyo ni shura, mkaa na salfa. Ikishaungua, masizi yake hunyonya unyevu wa hewa. Bunduki iliyopigwa jioni na kuwekwa bila kuoshwa haikuhitaji mvua ili ishike kutu. Dawa yake ilikuwa maji ya moto, kitambaa kikavu, kisha mafuta.

Baruti isiyo na moshi ilipoanza kuenea baada ya 1886, watu walidhani usumbufu umekwisha, kwa kuwa masizi yalipungua sana. Mitutu ikaendelea kuoza. Askari alisugua, akapaka mafuta, akachungulia ndani akaona kunang'aa. Baada ya siku chache anakuta wekundu. Lawama ikatupiwa baruti mpya, kwamba ina tindikali inayojificha kwenye vinyweleo vya chuma. Mwaka 1922 Wilbert Huff, wa idara ya serikali ya Marekani iliyosimamia mambo ya migodi, alionyesha kwamba mkosaji ni mwingine kabisa: kiwashio, kile kidude kidogo kwenye kitako cha risasi kinachogongwa na pini. Viwashio vya wakati huo vilikuwa na klorati ya potasiamu, na ikilipuka hubaki kloridi ya potasiamu, ndugu wa chumvi ya mezani. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, chumvi hiyo huvuta maji mpaka ikayeyuka palepale ilipo.

Na mafuta hayayeyushi chumvi. Huifunika tu, ikaendelea na kazi yake chini kwa chini. Kinachoiondoa ni maji, jambo ambalo mtu aliyefundishwa kuogopa maji kwenye bunduki hulipokea kwa shida. Wanajeshi wa Uingereza walikuwa wakimimina maji yanayochemka ndani ya mtutu kwa faneli: chuma kinapata moto, kinajikausha chenyewe, ndipo mafuta yanafuata. Viwashio visivyo na chumvi hiyo vilianza kuuzwa miaka ya 1920, lakini majeshi mengi yaliendelea na vya zamani kwa muda mrefu.

Vita Kuu ya Pili ilikuza kazi ya kuhifadhi. Mamilioni ya bunduki za Marekani zilivuka bahari, na kilichozilinda ni Cosmoline, grisi ya kahawia ya kampuni ya Houghton ya Philadelphia. Asili yake ni ya hospitalini: iliuzwa kwanza kama marhamu ya vidonda, ikishindana na Vaseline. Ikipashwa moto huwa nyepesi na kupenya kila kona, ikipoa huganda. Anayefungua kasha baada ya miaka 40 anakuta bunduki imevikwa utando unaonata, na hata baada ya kuupangusa kwa mafuta ya taa, kitako cha mbao kikiwekwa juani hutoa jasho la kahawia, kinafutwa, kinatoa tena.

Njia ya pili ni kuacha chuma na kukausha hewa. Miaka ya 1930 Mwingereza Vernon alionyesha kwamba katika hewa chafu kutu huongezeka ghafla unyevu ukipita takribani asilimia 60. Dar es Salaam na Mombasa huishi juu ya kiwango hicho siku nyingi za mwaka. Silika jeli, ile iliyomo kwenye vipakiti vya "usile" ndani ya maboksi ya viatu, Walter Patrick wa Johns Hopkins aliipatia hataza mwaka 1919, na katika Vita Kuu ya Pili ilitumika kulinda vifaa dhidi ya unyevu. Inafanya kazi vizuri, kwa masharti mawili ambayo watu husahau: chombo kifungwe kisipitishe hewa, na punje zikishashiba zikaushwe kwa moto. Ukiziweka kwenye kabati lenye nyufa, zitajaribu kukausha mji mzima na kushiba kabla ya wiki kwisha.

Kosa linalobaki la kawaida ni mkoba wa ngozi. Ngozi hushika unyevu, na dawa zilizotumika kuisindika zinaweza kuacha chumvi ndani yake. Bastola iliyolala humo miezi hutoka na alama ya kutu pale mkoba ulipoigusa kwa karibu zaidi.