Sado 11

Wanachama wenzetu, pamoja nanyi ndugu mliotuunga mkono tangu tulipokuwa tunakutana chini ya mparachichi, kamati ya kijitabu hiki ilituomba sisi wachache tuandike historia ya kikundi kwa upande wa biashara. Habari za mikopo, ada za shule, misiba na sherehe zimeandikwa na wengine. Sisi tumepewa habari za mizani, na tulipopewa kila mtu alicheka, maana kila mtu anajua kilichotokea.

Tulianza mwaka 2015 tukiwa akina mama 30, wengi wetu wauzaji wa sokoni hapa Moshi: vitunguu, maharage, ndizi, dagaa, na wawili wa mitumba. Hisa ilikuwa shilingi 2,000. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo zinashikwa na watu watatu ambao si viongozi. Mtindo huu hatukuubuni sisi. Vikundi vya namna hii vilianza mwaka 1991 nchini Niger, katika eneo la Maradi, pale shirika la CARE lilipofanya kazi na wanawake wa vijijini, na baadaye vikaenea Afrika nzima. Wageni wakiona zile kufuli huuliza, eti hamwaminiani? Tunaaminiana, ndiyo maana hakuna anayeona haya fedha zikihesabiwa mbele yake. Kwa miaka 10 sanduku halijapungua hata shilingi moja. Mwaka 2017 lilizidi shilingi 500, tukabaki tunatazamana.

Basi tulijiona watu waaminifu. Na kwenye sanduku tulikuwa waaminifu kweli.

Mwalimu wa ushirika aliyetufundisha mwaka wetu wa kwanza alitusimulia habari za mji wa Rochdale, kaskazini mwa Uingereza. Tarehe 21 Desemba 1844 watu 28, wengi wao wafuma nguo, walifungua duka lao dogo baada ya kujichanga pauni moja moja. Waliuza siagi, sukari, unga na mishumaa. Zama hizo kununua chakula dukani ilikuwa bahati nasibu. Mkate ulitiwa shabu ili uwe mweupe, unga ukachanganywa na chaki, na majani ya chai yaliyokwisha kuchemshwa yakakaushwa, yakatiwa rangi na kuuzwa upya. Sheria ya kwanza ya kuzuia uchafuzi wa chakula Uingereza ilikuja mwaka 1860, na yenye meno hasa mwaka 1875. Wale wafumaji hawakuisubiri. Waliamua bidhaa iwe safi, kipimo kiwe kamili, na malipo yawe taslimu.

Tulipenda sana hadithi hiyo. Tuliirudia hata kwa wageni. Lakini kuna jambo ambalo hatukuliona wakati ule: unga wa Rochdale uliliwa na wenye duka wenyewe. Kumpunja mnunuzi kulikuwa ni kumpunja jirani aliyekaa naye mkutanoni, au mtoto wake mwenyewe. Mwaka 1854 watu wa mji huohuo walianzisha kiwanda cha nguo, na wafanyakazi wakawa wanapata sehemu ya faida. Wanahisa wapya wakaongezeka, watu waliotaka gawio lao tu na wasiosimama kwenye mashine. Mwaka 1862 wakapiga kura, mgao wa wafanyakazi ukafutwa.

Hapa kwetu Kilimanjaro mambo yalikwenda vivyo hivyo, kwa njia yake. Wazee wetu waliunda chama cha wakulima wa kahawa, KNPA, mwaka 1925, wakati walowezi wengi hawakutaka kuona Mwafrika akilima zao hilo. Mwaka 1933 kikafuata chama kikuu, KNCU, ili kahawa iuzwe kwa pamoja. Ushirika ukakua nchini kote, na palipo na fedha nyingi mikono nayo ikawa mingi. Kufikia mwaka 1966 malalamiko ya wizi na upendeleo katika vyama vya ushirika yalikuwa makubwa kiasi kwamba Serikali iliunda tume ya kuchunguza. Mwaka 1976 vyama vikuu vilivunjwa, na sheria ya mwaka 1982 ikavirudisha. Mkulima aliyekuwa mbali na ofisi alikuwa amekwisha kuwa mtu wa kwenye karatasi tu.

Sasa turudi kwetu. Mwaka 2018 tulitoa fedha za kikundi kununua vitunguu Mang'ola, kule Karatu, karibu na Ziwa Eyasi. Wenzetu watano walikwenda, wakarudi na mzigo wa lumbesa. Kwa wafadhili wetu ambao hawajawahi kununua mazao shambani: lumbesa ni gunia lililojaa, kisha likaongezewa kichwa na kushonewa juu. Mkulima analipwa gunia moja. Sheria inataka gunia lisizidi kilo 100. Moja la kwetu lilipopimwa lilikuwa na kilo 138. Sokoni tuliuza kwa sado, kidogo kidogo, na hisa ya shilingi 2,000 ikatoka na 3,100. Siku ya kugawana tulipiga vigelegele.

Mwenzetu mmoja hakupiga. Mama yake analima viazi Lushoto. Aliuliza, "Hii elfu moja na mia moja imetoka kwa nani?"

Hatukufurahi, lazima tukiri. Tulibishana Jumatano mbili nzima. Wengine walisema kila mtu sokoni anafanya hivyo. Wengine, mkulima mwenyewe amekubali, hakuna aliyemshikia panga. Mmoja alisema kwa uchungu kwamba ukiwa na watoto wanne na kodi ya nyumba, mambo ya mkulima wa Mang'ola utayafikiria saa ngapi? Neno hilo lilikuwa na uzito wake, na mpaka leo hatujui vizuri tungemjibu nini. Waislamu kati yetu walikumbusha kwamba Kurani ina sura nzima, ya 83, iliyopewa jina la wanaopunguza vipimo. Wakristo wakasema sura ya 11 ya Methali inaanza na mizani. Kila upande ukajua vitabu vyake, lakini vitunguu vilikuwa vimekwisha kuuzwa.

Ndipo mama mwenyekiti, kwa hasira nadhani, akasema Jumatano ijayo kila mtu aje na sado yake ya kupimia.

Katibu alinunua sado mpya, akaijaza maji hadi ukingoni. Akawa anayamimina kwenye sado ya kila mmoja, tukiwa tumezunguka. Sado nzima hupokea maji yote. Ile iliyopashwa moto chini ikabonyezwa kwenda juu hufurika. Ya kwanza ikapokea. Ya pili ikapokea. Ya tatu maji yakamwagika miguuni kwa katibu, watu wakaguna. Mpaka tunamaliza, zilikuwa zimefurika sado 11. Ya tisa kufurika ilikuwa ya mama mwenyekiti mwenyewe. Alikaa kimya, kisha akasema alinunua hivyo kwa mchuuzi miaka mingi iliyopita na alijua tangu siku ya kwanza.

Hakuna kati ya wale 11 ambaye angethubutu kuiba shilingi 100 ya sanduku. Tulikuwa na watu wa aina mbili katika hesabu zetu, wale tunaokaa nao kwenye mduara na wale tusiowaona. Mteja wa kupita ni wa pili. Mkulima wa Mang'ola naye.

Tulinunua mizani. Msimu wa 2019 tulinunua kwa kilo, na tusidanganyane, ulikuwa mwaka mbaya. Wenye malori walitucheka. Bei yetu ilikuwa juu ya wengine, na hisa ikatoka na shilingi 2,350 tu. Wenzetu wanne wakaondoka, na mmoja wao leo ana duka la jumla. Wakulima nao si malaika: magunia mawili tuliyopima kwa haki kabisa tulikuta chini yamejazwa vitunguu vilivyooza. Mwaka 2020 ukaja na Corona, tukasimama kununua. Tulipoanza tena mwaka 2021 wakulima watatu walitukumbuka na kutuwekea mzigo mzuri, nasi tunaendelea nao. Faida ya vitunguu haijarudi kamwe kwenye ile ya 2018. Tunajua pia kwamba baadhi yetu bado wananunua lumbesa kwa fedha zao binafsi. Katiba yetu inahusu fedha za kikundi tu, na mjadala wa kuibadilisha umeahirishwa mara tatu.

Limebaki jambo moja. Yule mwenzetu aliyeuliza swali tulimnunia karibu mwaka mzima. Alipouguliwa na mtoto, walikwenda kumwona watu sita kati ya 30. Daftari la mikutano halina jina lake, limeandikwa tu, "mwanachama mmoja aliuliza." Tulimwomba radhi mwaka 2021, na tulipokuwa tunaandaa kurasa hizi tulimfuata nyumbani tukitaka safari hii jina lake liandikwe.

Alikataa. Alisema, "Mniandike mimi niliyeuliza, na sado yangu ndiyo ilikuwa ya kwanza kumwagika? Andikeni hesabu, zilikuwa 11."